Kamera Mbili na Uso wa Mama Fancy

Kapkatet,
14 Machi 1998

Kwa Fancy, binti ya dada yangu,

Chamgei. Salamu zangu nimezishindilia kwa hii bahasha kama majani chai kwa gunia, kwa hivyo fungua polepole zisikurukie usoni. Sisi tuko. Bibi yangu Tecla anakusalimu, ng'ombe mwekundu amezaa ndama dume, na hii mvua ya El Niño imekataa kurudi kwao. Wiki jana barabara ya kiwandani ilimeza lori ya majani mpaka kwa vioo. Niliitwa mimi. Nikawaambia wale madereva, "Wanaume, ondokeni hapo mpate nafasi ya kushangaa," nikaweka bega mara moja tu, lori ikatoka na mizizi ya miti. Uliza mtu yeyote. Usiulize Gekara wa duka, yeye ana wivu.

Mama yako Phyllis yuko salama. Kwa kituo cha kununua majani karani anamwita wa kwanza, wasichana wanafuata nyuma na vikapu nusu. Siku hizi amependa uji na mursik, yale maziwa ya kibuyu. Anasema ugali ni chakula cha watu wenye haraka. Kwa hivyo hapo usiwe na mawazo.

Sasa nije kwa jambo lenyewe. Umeandika ati miaka saba hujaona uso wa mama yako, na mimi ndiye mpiga picha wa Kapkatet nzima, mbona sijakutumia hata moja? Fancy, mimi nimempiga chifu picha akicheka, kitu hata bibi yake hajaona. Nimepiga radi ikishuka kwa mti, na ya kwanza ilipotoka na ukungu nikaiambia irudie, ikarudia. Lakini dada yangu amenishinda.

Unajua sababu? Ulikuwa mtoto mgongoni. Kulikuja mpiga picha mmoja wa kuzunguka, simjui kwao, akapiga watu siku ya soko, akasema picha atazileta Jumatano. Mpaka leo hiyo Jumatano haijafika. Mama yako anasema, "Huyo mtu alienda na uso wangu. Anautumia wapi?" Hata kitambulisho hana. Siku ya kujiandikisha walipofika mahali pa picha, aligeuka akarudi nyumbani, chifu ndiye humwandikia barua akiwa na shida ya ofisi. Juzi nimeenda na kamera yangu nikambembeleza, akaniambia, "Aron, mimi nitapigwa siku ile nitajiona hapo hapo, kabla hujainua mguu. Kama hiyo kamera haijazaliwa, niacheni."

Na kamera yangu lazima filamu iende Kericho ioshwe, irudi wiki mbili. Kwa hivyo ile umesikia huko, isiyo na filamu, yenye kadirisha nyuma kama redio yenye macho, kama si uongo wa Wazungu basi hiyo ndiyo dawa yake. Mimi habari zake nilishazisikia zamani. Nilikuwa nangoja tu nyinyi muzisikie.

Nunua. Ama uje nayo mwenyewe Krismasi, tukuchinjie.

Mjomba wako asiyeshindwa na kitu ila dada yake,
Aron arap Mosonik


Wichita, Kansas,
12 Aprili 1998

Mpendwa Mjomba Aron,

Shikamoo, na salamu kwa Tecla na kwa huyo ndama. Huku theluji imeisha lakini upepo bado unakata. Mimi ni mzima. Kazi ni ile ile, nawahudumia wazee katika nyumba ya wazee. Nawaosha, nawalisha, nawageuza. Wengine wana watoto wa mtaa wa pili tu na hawaji kuwaona.

Nimefurahi kusikia Mama ana nguvu. Lakini mjomba, kila barua unayoandika yeye huweka mstari wake chini kwa mkono wake, hata kama ni "Fancy omba sana" tu. Safari hii sikuuona. Nimegeuza karatasi pande zote mbili. Na tangu lini Mama akaacha ugali?

Kamera ipo, si uongo. Duka moja hapa wana aina mbili ambazo naweza kuzifikia, na nimekwenda mara tatu kuzishika. Ya kwanza ni kubwa na nzito, kama ile Biblia ya mimbarini. Ubavuni inatiwa diski, hizi za bapa za kompyuta. Diski ikijaa unaitoa unatia nyingine. Betri yake inachajiwa kwa stima. Ya pili inaingia mfuko wa shati. Picha zinakaa kwenye kadi nyembamba, ndogo kuliko kiberiti, na inatumia mawe manne, zile betri za redio ndogo. Kadi ikijaa, imejaa, mpaka picha zihamishwe. Na ili zihamishwe lazima kamera ifungwe kwa waya kwenye kompyuta yenye programu yake. Zote mbili zina dirisha nyuma, mtu anajiona papo hapo.

Mwenye duka aliniruhusu nipige kikombe chake kwa zote mbili. Kwa ile kubwa ukingo wa kikombe ulitoka kama ngazi. Kwa ile ndogo niliona hata ufa.

Kwa hivyo naomba uniambie ukweli. Stima imefika kwako, au bado ni kwa kisiagi cha mahindi tu? Na kompyuta je, yuko mtu Kapkatet mwenye nayo? Hapo ndipo uamuzi wangu unapotegemea, kwa sababu kamera bila mahali pa kutolea picha ni kama kisima bila kamba.

Mwambie Mama aniandikie mstari.

Wako katika upendo,
Fancy


Kapkatet,
30 Mei 1998

Kwa Fancy wetu wa ng'ambo,

Pokea salamu moto, usiangalie karatasi, imekunjwa na mikono ya watu. Naandikia hapa kwa benchi ya hospitali, lakini usishtuke. Madaktari wameniita niwapige picha, wanataka kuzituma Nairobi waongezewe cheo. Nimewaambia wangoje, naandikia mtoto wa dada yangu kwanza.

Mama yako amenenepa. Hii ndiyo habari kubwa ya huku. Amenenepa mpaka sweta ya kwaya imekataa vifungo. Mkono wake uko na kazi nyingi ya majani ndio maana haukuandika mstari, na pia kalamu ilikuwa imekwisha wino. Usiwe unageuza karatasi kama askari wa kanjo.

Sasa kamera. Nimesoma hizo habari zako mbele ya watu, na Gekara akasema ile kubwa ni afadhali. Nikamwambia, "Gekara, wewe ni mtu wa sukari na sabuni, nyamaza." Chukua ndogo. Fikiria mimi naingia kwa harusi na kitu kama Biblia begani. Watu watainama waombe! Na ukingo wa kikombe ukitoka kama ngazi, je pua ya mama yako? Itatoka kama ngazi ya kupandia dari. Hiyo ndogo imeona ufa, hiyo ina macho. Ati kadi itajaa, itajaa na nini? Mtu mmoja, uso mmoja, picha moja.

Stima iko. Kompyuta usiniulize, hapa kompyuta zimekuwa kama kuku. Gekara mwenyewe ana moja pale nyuma ya duka, amefunika na kitambaa, kubwa, inalia tii-tii-tii ukiigusa. Mimi huitumia nikitaka.

Naona mlango unafunguliwa, naitwa. Nitamalizia siku ingine.

Ni mimi,
Mosonik, jicho la Kapkatet


Wichita,
28 Juni 1998

Mpendwa Mjomba,

Natumaini barua hii itawakuta mkiwa na jua. Hapa joto limekuja ghafla na wazee wanazimia.

Nimeisoma barua yako mara nyingi. Mjomba, daktari wa Kapkatet anatakaje picha na hospitali ni ya serikali? Na uliitwa ndani na nani? Mimi nafanya kazi na wagonjwa. Mtu anayekunywa uji na maziwa peke yake hanenepi. Kama kuna jambo niambie, mimi si mtoto.

Kuhusu kamera, moyo wangu unavutwa na ile kubwa. Diski unaweza kuitia kwenye bahasha ukanitumia hata kesho, na kompyuta yoyote duniani itaisoma. Uso wa Mama ukiwa na ngazi ni uso wake bado. Lakini nikiikumbuka ile ndogo na ule ufa nasema hapana, nataka kumwona kila kunyanzi. Nimerudi dukani tena Jumamosi. Mwenye duka sasa ananiita "yule dada wa kikombe."

Kwa mara ya mwisho: hiyo mashine ya Gekara ni kompyuta kweli? Ina kioo kama televisheni?

Habari ya Krismasi, tutaona. Kazi yangu haina likizo ndefu.

Fancy


Kapkatet,
25 Julai 1998

Fancy,

Salamu. Wote wako.

Ina kioo. Nunua hiyo ndogo, usilinganishe tena. Umeenda dukani mara nne, mtu hununua hata ng'ombe kwa kumwangalia mara moja mdomo. Mama yako anauliza kila siku, "Ile kamera ya dirisha imefika wapi?" Namwambia iko njiani. Jana ameuliza mara mbili.

Nimesikia Nyanchoka, yule msichana wa mwalimu Kebaso aliyekuja kusoma huko, anarudi nyumbani mwezi wa tisa. Mpe yeye. Usitumie posta. Posta itachelewa.

Kama ungeweza kuja na huyo Nyanchoka, ingekuwa pia vizuri. Sisemi zaidi.

Aron


Wichita,
6 Septemba 1998

Mpendwa Mjomba,

Nimenunua ile ndogo. Nyanchoka anaondoka kesho na nimemfungia kamera ndani ya sweta ya Mama, rangi ya samawati, mwambie ni yake. Mawe manne yamo, na mengine nane. Kitufe kikubwa cha juu ndicho cha kupiga. Cha nyuma, chenye alama ya mshale, ndicho cha kuangalia. Kitabu cha maelezo kiko kwa Kiingereza lakini wewe utaelewa. Waya na CD ya programu vimo kwenye mfuko wa nailoni.

Mpige karibu na mlango, mwanga ukiwa wa asubuhi. Uso tu. Sihitaji nguo.

Siwezi kuja na Nyanchoka. Usiniulize sababu kwenye barua.

Fancy


Kapkatet,
17 Oktoba 1998

Kwa Fancy, mnunuzi hodari,

Leo pokea salamu na vigelegele! Nyanchoka amefika, kamera imefika, na mimi nimefika mahali ambapo hakuna mpiga picha wa Kericho na Bomet amefika. Nimetembea nayo sokoni mfukoni, nikasema, "Nani anataka kujiona?" Watu walipanga foleni mpaka kwa kinyozi. Gekara ameazima tai yangu, nikampiga akiwa ameegemea lori. Mzee mmoja alipojiona alinivulia kofia.

Na mama yako amekubali. Ndiyo! Nilimpiga Jumatano, mbele ya mlango wa jikoni kama ulivyosema. Nikamwonyesha hapo hapo, hata mguu sijainua. Alicheka, akacheka, akasema, "Kumbe bado mimi ni msichana! Fancy akiona hii atafurahi." Kwa hivyo imekwisha. Uso wake uko ndani ya kadi, safi kama maji ya chemchemi.

Kuitoa ni kitu kidogo. Gekara ana shughuli wiki hii. Wiki ijayo.

Sweta imemtosha. Imemtosha na nafasi imebaki.

Mosonik, ambaye sasa hana mpinzani


Kapkatet,
21 Novemba 1998

Fancy mtoto wa dada yangu,

Najua pasta alikupigia simu. Alisema laini ilikatika katikati. Kwa hivyo hii barua si ya kukuambia, ni ya kukaa na wewe.

Tulimzika Jumamosi. Kwaya yote ilikuja na majirani walichinja bila kuombwa. Watu walikuwa wengi mpaka mashamba ya chai yakaonekana kama yametembea. Hapana. Walikuwa watu kama mia mbili. Mvua ilinyesha kidogo.

Kwa lugha yetu, unajua, ndugu wa mama naye huitwa mama. Ulipokuwa mdogo ulinipigia kelele hivyo pale stendi ya Kericho, "Mama! Mama!" na watu wa mjini wakacheka mpaka wakashika magoti, jitu lenye ndevu linaitwa mama. Sasa huyo ndiye umebaki naye, na si mzuri sana.

Lazima nikuambie jambo la kompyuta. Ile ya Gekara ni taipureta ya stima. Nilijua haina kioo. Nilifikiri waya ni waya, utaingia tu mahali. Siku mbili kabla ya mazishi nilienda mpaka Kericho kwa mama mmoja anayeitwa Nyaberi, ana ofisi ya kuchapa, yake ni kompyuta kweli. Alijaribu. Akasema mashine yake ni ya zamani, haina mdomo wa kumeza ile CD, na bila CD haiwezi kuitambua kamera. Nilimwonyesha Nyaberi uso wa mama yako kwa dirisha. Akasema, "Pole, baba." Nikarudi.

Kwa hivyo juu ya jeneza hakukuwa na picha. Tuliweka kadi yake ya kwaya yenye jina.

Lakini usiwe na wasiwasi. Kila kitu kiko ndani. Nimepiga mazishi pia.

Aron


Wichita,
13 Desemba 1998

Mjomba,

Asante kwa kumzika. Waambie kwaya asante.

Toa ile kadi. Ubavuni pa kamera kuna kifuniko, ukikisukuma kinafunguka, kadi inatoka kama jino la maziwa. Ifunge kwa karatasi ya sigara, uitie kwenye bahasha, unitumie. Hapa ninakofanya kazi kuna kompyuta, na mwenye duka ataniazima kifaa cha kuisomea kadi bila kamera. Usingoje mtu wa kusafiri. Leo hii, mjomba.

Fancy


Wichita,
31 Januari 1999

Mjomba Aron,

Kadi ilifika Jumatatu. Niliomba ruhusa nikaingia ofisini, nikafunga mlango, nikaiweka kwenye kompyuta.

Kuna picha arobaini na tatu. Nimewaona wanakwaya, nimemwona Tecla amelala juu ya udongo, nimemwona Gekara amebeba viti. Nimeangalia tangu ya kwanza hadi ya mwisho, nikaangalia tena kuanzia mwisho. Ya kwanza kabisa ni mguu wa mtu na ncha ya jeneza. Kabla ya hiyo hakuna kitu. Hakuna lori, hakuna mzee aliyevua kofia. Mama hayuko.

Nikaipeleka kwa yule mwenye duka. Akasema pale Mama alipokuwa ndani ya kadi, picha za watu wengine zimeketi juu yake. Hatoki tena.

Uliniuliza mara nyingi kwa nini siji, na mimi nikakwepa. Karatasi zangu za kukaa hapa ziliisha miaka mitatu iliyopita. Nikipanda ndege kuja, sitaruhusiwa kurudi, na mnajua ni mshahara wa nani unaosomesha watoto wa Tecla na uliokuwa unamnunulia Mama dawa ambazo hamkuniambia ni dawa. Nililiweka hilo moyoni kwa sababu sikutaka Mama ajue amezaa mfungwa. Sasa nimelisema.

Nilitumia miezi mitano nikishika kamera mbili kama mtu anayechagua kanga. Na nikakuandikia habari za vitufe viwili, nisikuandikie habari za kufuta. Hilo ni langu.

Lakini wewe ulimwona kwenye lile dirisha. Hakuna mwingine aliyebaki aliyemwona vizuri. Niandikie ulichoona. Naomba, mjomba, safari hii usitie chumvi. Hata punje.

Fancy


Kapkatet,
27 Februari 1999

Fancy,

Leo salamu ni chache. Tecla mzima, watoto wazima. Nimesoma barua yako ndani ya kibanda changu na mlango nimeufunga, watu wafikiri niko safari.

Ni mimi nilimfuta. Ilikuwa siku ya mazishi yenyewe. Walipoinua jeneza nikataka kupiga, kamera ikakataa. Ilikuwa imejaa. Nilikuwa nimeijaza na ng'ombe, na Gekara na tai, na watu wa sokoni waliotaka kujiona. Dirisha likaleta maneno ya Kizungu mistari miwili. Mimi shule niliachia darasa la tano, na Kizungu nilikiacha kabla ya hapo. Kile kitabu sikukielewa, nilikiweka chini ya godoro. Nikabonyeza huku, nikabonyeza kule, watu wananiangalia, pasta amesimama anangoja. Likaja neno moja ninalolijua. OK. Kila mtu anajua OK. Nikasema moyoni, mashine inaniuliza kama mambo ni sawa. Nikaijibu ni sawa.

Ikakaa kidogo. Halafu ikakubali kupiga, na mimi nikafurahi. Nikapiga mazishi yote. Ni alasiri, nilipotaka kuwaonyesha wazee uso wake, ndio nikatafuta. Nilipokuandikia ati kila kitu kiko ndani, nilijua hakiko. Nilifikiri labda kompyuta za huko zinaweza kuona kile dirisha haliwezi.

Mama yako hakunenepa. Ilikuwa koo. Tangu Januari ugali ulikataa kushuka, baadaye uji, baadaye maziwa. Ile siku ya benchi nilikuwa namngojea yeye, na mlango uliofunguliwa ni daktari alikuwa ananiita aniambie. Kabla hajaingia kwa daktari mama yako aliniuliza, "Unamwandikia Fancy?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Andika nimenenepa. Akijua ninaumwa atakuja, na akija hatarudi kule." Nikamwambia dada, kwani nani atamzuia? Akasema, "Mtoto hakai miaka saba bila kuja kama mlango uko wazi." Mimi nilidhani anaongea maneno ya mgonjwa. Yeye alijua, Fancy. Hukumficha kitu.

Na hakucheka alipojiona. Alishika kamera kwa mikono miwili akaangalia mpaka dirisha likazima lenyewe. Akasema washa tena. Nikawasha. Akaangalia, akasema, "Huyu usimpelekee." Tukabishana. Nilimwambia uso wa mtu hautupwi, dada, nitampelekea. Sasa Tecla anasema ni mama yako aliyesukuma kidole changu siku ile ya mazishi. Mimi sisemi hivyo. Ni kidole changu na ujinga wangu.

Umesema nikuandikie nilichoona. Nimeandika hii mara tatu kwa karatasi ingine, na kila mara naona nimeongeza, nachana. Hii ni ya nne.

Ameketi kwa kiti cha mbao mbele ya mlango wa jikoni. Mwanga unatoka upande wa kushoto. Amevaa sweta yako ya samawati, na kola imesimama mbali na shingo kwa sababu shingo imekwisha. Kitambaa cha kichwa ni kile cheupe, amekifunga vizuri, alinifanya ningoje akikifunga. Mashavu yameingia. Nywele mbili tatu zimetoka hapa kando ya sikio, ni nyeupe. Ana mstari mmoja mrefu kutoka pua mpaka kidevu, na mingine midogo chini ya macho, sikuihesabu. Ngozi ya paji la uso inang'aa, Tecla alikuwa amempaka mafuta. Jicho moja limefunguka kuliko lingine. Hakuniangalia mimi. Kuku alikuwa ameingia jikoni nyuma yangu na yeye anamwangalia huyo kuku. Mkono mmoja umeinuka kidogo kutoka gotini, umetoka na ukungu.

Mdomo uko wazi. Si kicheko. Nilibonyeza mapema, alikuwa bado anaongea. Alikuwa anasema, "Ngoja kwanza."

Aron